Barua kwako mwenyekiti wa kamati ya kuwapongeza mavolontia

Shosti wangu mpenzi,

Habari za siku nyingi, mimi huku mzima namshukuru Mungu. Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka mwisho, na nimecheka sana pale uliposema wamekupa uenyekiti wa kamati kwa sababu tu ulichelewa kufika kikaoni, ndo zao hao, anayechelewa anakuta keshapangiwa kazi. Sasa umeniuliza siku hiyo ya kuwapongeza watu wanaojitolea kukaa na wazee mseme nini, na umesema wenzako wanataka vyeti, fulana na mgeni rasmi. Nimeona bora nikuandikie kabisa maana hili jambo nina maneno nalo, nikikupigia tutaongea weee mpaka salio liishe na bado sijamaliza.

Kwanza hao watu wanastahili kupongezwa kuliko hata mnavyofikiria, hilo sina ubishi nalo. Wasiwasi wangu ni kwamba mtawapongeza kwa kitu ambacho sicho. Nawajua watu wa kamati, mtahesabu mifuko ya zawadi iliyogawiwa, mtaonyesha picha za mzee kashika sabuni huku amezungukwa na watu kumi wanaocheka na kamera, alafu mtapiga makofi. Wakati kazi kubwa ya hawa mavolontia haitokei kwenye picha kabisa. Kazi yao ni kurudi. Mtu alikuja jumanne, jumanne inayofuata kaja tena, mvua inanyesha kaja, amechoka na mambo yake kaja, mpaka mzee kashajua kwamba jumanne kuna mtu, toka asubuhi kashavaa nguo nzuri anasikilizia mlango. Ile siku moja ya kusubiria ndo inambeba wiki nzima, na ndo maana anayekuja mara moja na zawadi kubwa alafu haonekani tena mimi simuweki kundi moja na yule anayekuja mikono mitupu kila wiki. Samahani kama nitamkera mtu kwenye kamati yako.

Na usije ukadhani nakuza mambo. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 kuhusu mahusiano ya watu, wakasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke unahusishwa na vifo karibu 871,000 kwa mwaka, yaani kama watu 100 kila saa. Unahusishwa na magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari, akili kuanza kupoteza kumbukumbu, sonona, yote hayo. Cha kushangaza ripoti ileile inasema wanaolalamika upweke zaidi ni vijana, sio wazee, ila wazee wana lao la kukosa watu kabisa wa kuonana nao, hapo wanakadiria ni hadi mzee 1 kati ya 3. Uingereza walifika mahali mwaka 2018 wakampa waziri mmoja kushughulikia upweke, na Japani wakafanya hivyo 2021. Serikali nzima inakaa kikao kwa sababu watu hawana wa kuongea naye! Lakini waziri hawezi kwenda kukaa na bibi wa watu jumanne mchana, hiyo inabaki kazi ya volontia.

Alafu kuna kitu naomba mkiseme wazi siku hiyo, kwamba mzee kukaa peke yake sio lazima awe mpweke. Kuna mzee anaishi mwenyewe na raha zake, ana redio yake, ana mimea yake, ukimlazimishia kampani unamkera tu. Na kuna mwingine nyumba imejaa watoto na wajukuu, kelele mpaka nje, lakini hamna anayemuuliza kitu, wanampita kama kabati. Volontia mzuri anajua kutofautisha hao wawili, na hilo haliandikwi kwenye fomu yoyote.

Ngoja nikwambie na mambo mawili madogo ambayo watu hawayafikirii. La kwanza ni masikio. Mzee masikio yakianza kupungua anaanza kujitoa mwenyewe taratibu, kwenye mazungumzo anatikisa kichwa, wenzake wakicheka naye anacheka hajui wanachekea nini, siku zikienda anaona aibu anasema sitoki leo nimechoka, na nyumbani wanasema siku hizi babu kawa mkimya. Hajawa mkimya, hasikii! Sasa volontia anayeelewa anakaa mbele yake uso kwa uso ili aone midomo, anazima tivii kwanza, anaongea polepole bila kupiga kelele maana kelele zinaharibu maneno, na akiambiwa rudia anarudia bila kusema aah basi haina shida. Hilo neno haina shida linaumiza sana wazee, linamwambia kwamba yeye hana haja ya kujua. La pili ni choo. Ndio, choo. Wazee wengi wanakataa kutoka sio kwa sababu hawapendi watu, wanaogopa kwenda sehemu hawajui choo kiko wapi na watafikaje kwa wakati, na mtu mzima hawezi kukutamkia hivyo. Volontia akishaenda kuangalia mapema, akamnong'oneza tu mzee choo kiko hapo mkono wa kulia hakina ngazi, unashangaa mzee aliyekuwa anakataa miezi yote anauliza lini tunaenda. Sasa hiyo mtaitolea cheti gani?

Kuna historia nzuri za watu walioelewa mambo haya zamani, ukitaka mfano wa kuweka kwenye hotuba chukua hii. Ufaransa mwaka 1946, vita vimeisha, Paris ina wazee maskini waliobaki bila mtu, jamaa mmoja anaitwa Armand Marquiset akaanzisha kundi la kuwapelekea chakula. Lakini alikuwa anawapelekea na maua, na kauli yao ikawa maua kabla ya mkate. Unaweza kusema huyu kachanganyikiwa, watu wana njaa unawapa maua, ila mimi namwelewa kabisa, chakula kinamwambia mzee una njaa, ua linamwambia wewe bado ni mtu wa kufurahishwa. Kundi hilo lipo mpaka leo na limeenea nchi nyingine.

Au yule mdenishi Ole Kassow wa Copenhagen, mwaka 2012 kila siku akipita na baiskeli anamuona mzee kakaa kwenye benchi barabarani, siku moja akakodi baiskeli ya matairi matatu yenye kiti mbele akaenda nayo kwenye nyumba ya wazee akauliza nani anataka tukazunguke. Ndo ikaanzia hapo, sasa hivi nchi nyingi kuna watu wanaendesha wazee hivyo bure, wanasema mzee ana haki ya kupigwa upepo kwenye nywele. Na Uingereza kuna namba ya simu ya bure kwa wazee, The Silver Line, ilianza nchi nzima mwaka 2013 ikiwa na mtu wa kupokea saa 24, na mzee anaweza kupangiwa volontia wa kumpigia kila wiki wakaongea tu. Aliyeianzisha ni mtangazaji Esther Rantzen, baada ya kufiwa na mumewe aliandika gazetini wazi kwamba yuko mpweke, mwanamke maarufu hivyo. Nampenda kwa hilo maana wengi wetu tungeficha.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Zimbabwe, na nautaja kwa sababu unageuza meza. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza Harare mwaka 2006, nchi ina madaktari wa akili wachache mno, akachukua bibi 14 wa mtaani akawafundisha, wakawa wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki wanasikiliza watu wenye mawazo. Mwaka 2016 utafiti ukachapishwa ukaonyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Umeona? Bibi ndo volontia! Sisi tunawaona wazee kama watu wa kupewa tu, wapewe blanketi, wapewe salamu, wapewe pole, mtu unapokea mpaka unajiona mzigo. Mzee anataka naye atoe. Wahenga si walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi mimi naona siku mzee anapomwambia volontia wake hebu nipandie hapo unibadilishie hiyo taa, au njoo nikufundishe kushona wewe hujui kitu, hiyo siku ugeni umeisha. Volontia anayekubali kufundishwa, kutaniwa, hata kugombezwa, huyo kaelewa kazi.

Tena nakuomba muwaangalie waliojitolea wenyewe ni akina nani, utakuta wengi ni wastaafu, wana miaka sitini na kitu na sabini, nao magoti yanauma. Kuna yule anayepanga ratiba, anayekumbusha kwa meseji, anayeendesha gari, hao huwa hawapigwi picha kabisa. Na kuna jirani ambaye hayuko kwenye daftari la mtu, hajawahi kujiita volontia, ila kila asubuhi anaangalia kama dirisha la bibi limefunguliwa na lisipofunguliwa anagonga. Sijui mtampataje huyo lakini mtafuteni, ulizeni wazee wenyewe watamtaja.

Sasa kuna jambo moja zito kidogo. Hawa watu wanafiwa. Mtu amekaa na mzee kila wiki miaka, anajua stori zake zote, ile ya ujanani kaisikia mara mia na bado anauliza ikawaje, alafu siku mzee anafariki na volontia anakaa nyuma kabisa msibani maana sio ndugu, hakuna anayempa pole, wengine hata wanamuangalia kama kafuata urithi. Wiki inayofuata jumanne inafika na hana pa kwenda. Kama kuna kitu kimoja tu mtafanya siku hiyo basi fanyeni hiki, watajeni kwa majina wazee waliotangulia, ila kwanza ziombeni ruhusa familia, alafu waambieni mavolontia wao poleni, hadharani, wasikie. Mimi naona hiyo inazidi fulana elfu.

Na tukirudi kwenye mambo ya pesa maana najua utaniuliza, kama bajeti ni ndogo kateni fulana muwalipe nauli zao. Watu wanatoa mfukoni kimyakimya na kuna wazuri wanaacha kwa sababu hiyo tu, wanaona aibu kusema, na wakiacha bila kuaga mzee anadhani kamkosea nini. Wapeni na mtu wa kumpigia wakikwama, maana volontia anaweza kukuta mzee ana jeraha, au kagundua kuna ndugu anakula hela za mzee, na hapo peke yake hawezi na hatakiwi kuweza. Mgeni rasmi mkimtaka sana mleteni lakini mumpe dakika tano na wazee wakae mbele, sio mnawaweka nyuma ya spika wanapigwa kelele masaa matatu.

Tarehe naona mnabishana. Oktoba 1 ni siku ya wazee duniani, Umoja wa Mataifa waliipitisha mwaka 1990, mimi ningewaachia wazee siku yao msiwaingilie. Disemba 5 ndo ya wanaojitolea, ipo toka 1985, hiyo inawafaa, na mwaka 2026 Umoja wa Mataifa wameutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa kujitolea kwa hiyo mkitaka sababu ya kumwambia mwenye ukumbi awapunguzie bei sababu ipo.

Hotuba nitakuandikia, nyepesi ya dakika chache, ila sitaki uisome wewe, usikasirike. Nataka asome mmoja wa wazee wanaotembelewa, au kama hataki kusoma aongee tu mwenyewe anavyojua, amtaje mtu wake na aseme anamfanyiaga nini. Kwa hiyo kazi yako wiki hii ni kuwauliza wazee nani yuko tayari, usiwateulie, waulize, na uulize pia nani hataki kupigwa picha. Ukipata majina nitumie na namna kila mmoja anavyopenda kuitwa, maana wengine ni mama fulani, wengine mwalimu, wengine ukimwita bibi anakununia. Nikishapata naanza kuandika usiku huohuo.

Nisalimie wa nyumbani wote, na mama mwambie namkumbuka.

Wako shosti wako yuleyule.