Barua ya Wazi kwa Afisa wa Utamaduni: Tuachiwe Miji Tisa ya Msituni

Mheshimiwa Afisa,

Assalaam alaykum.

Baada ya salamu, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya Kaskazini Pemba, si mbali na msitu wa Ngezi, na ndiye ninayesimamia kikundi cha hadithi kinachokutana kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri kwenye barza ya nyumba yetu. Nakuandikia kuhusu mswada wetu wa kurasa 62, ulioletwa afisini kwako ili upitiwe kabla ya kusomwa mbele ya wazazi, na ambao umeturudia wiki iliyopita ukiwa na wino mwekundu katika kila ukurasa uliotajwa neno "muungano" au neno "huru". Mswada umerudi, lakini ramani iliyokuwa imekunjwa ndani yake imebaki huko. Nimeona niandike kwa uwazi badala ya kuja kukaa kimya kwenye benchi la nje ya mlango wako, kwa sababu wazazi wameshaanza kuulizana watoto wameandika kitu gani hata kazi yao ikazuiliwa, na ningependa wasikie jibu siku ileile utakayolisikia wewe.

Nchi iliyomo katika hadithi hiyo haipo. Angani kwake kuna miezi miwili, mmoja wa kupandia na mmoja wa kuvunia, na chini yake umetanda msitu ambao mtu akiuingia alfajiri kwa upande wa mashariki hutokea upande wa pili baada ya siku arubaini, iwapo hatapotea. Ndani ya msitu huo kuna miji tisa, na kila mji umejengwa chini ya aina moja ya mti na kuchukua jina la mti huo: Mvuleni, Mpapindini, Mtondooni, Mkuyuni na wenziwe. (Ikiwa kuna kijiji cha kweli chenye jina kama hayo, na najua vipo, hatukukikusudia, ardhi hii imejaa majina ya miti.) Mvuleni wanachonga milango na hawampokei mgeni usiku. Mpapindini wanawafundisha watoto wao kusema na popo, kwa kuwa popo wa nchi hiyo ni wakubwa kama mbuzi na ndio wanaobeba barua kutoka mji hadi mji. Mkuyuni hawana kiongozi kabisa, jambo linalowaudhi majirani zao wote. Mji wa tisa ni wa kima, ambao babu zao waliletwa msituni humo kwa jahazi kutoka kisiwa chengine, na kando ya ukurasa huo umeandika kwa mkono wako: "Kima wanapigaje kura?" Nitalijibu swali hilo mbele, kwa sababu katika masuali yako yote ndilo lililowafurahisha watoto.

Miji hiyo haikuungana kwa kuogopa adui. Iliungana kwa ajili ya maji. Katika sura ya pili watu wa Mtondooni wanafyeka miti iliyo juu ya chemchemi yao ili wapate pahala pa kuanikia mavuno, na mwaka unaofuata visima vya miji mingine minne vinakauka, ilhali visima vya Mtondooni wenyewe vimejaa. Hapo ndipo wazee wa miji yote wanapokutana kwa mara ya kwanza, na baada ya matusi ya kutosha wanapatana juu ya sharti moja tu: hakuna mji utakaokata mti ambao kivuli chake kinafika kwenye njia ya mji mwengine, mpaka mji huo uulizwe. Mambo mengine yote, kama vile ndoa, masoko, adhabu, sikukuu na namna ya kumchagua mkubwa wao, kila mji umebaki nayo mwenyewe. Watoto waliuita mpango huo Muungano wa Miji Huru, na waliuita hivyo kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyosema vitu vinapoungana.

Naomba nikae kidogo kwenye ukurasa wa 31, kwa kuwa ndio ulioandikiwa "Kifungu hiki kiondolewe chote." Siku ya kufunga mapatano, kila mji unaleta kata moja ya maji kutoka kisima chake na kuyamimina ndani ya mtungi mmoja mkubwa uliowekwa chini ya mti ambao si wa mji wowote. Likazuka swali barzani: je, mji ukichoka na mapatano ufanye nini? Tulibishana Alkhamisi mbili nzima. Wapo waliosema mji unaotoka uchomwe moto, na wapo waliosema usiruhusiwe kutoka milele. Mwishowe mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, akasema: "Aruhusiwe kuchota kata yake, lakini atachota maji ya wote." Barza ikanyamaza. Tangu siku hiyo sharti la kutoka limeandikwa kwa maneno yake: mji unaotaka kuondoka utakuja na kata ileile, utachota kiasi kilekile ulichomimina, nao utakwenda zake bila kuguswa. Katika hadithi nzima ni mji mmoja tu unaofika hadi kwenye mtungi, na mjumbe wake anasimama pale na kata mkononi mpaka jua linatua. Mheshimiwa, nimesomesha miaka kumi na sita na sijawahi kuletewa na mwanafunzi ukurasa mzuri kuliko huo.

Nafahamu kilichokutia wasiwasi, wala sitajifanya mgeni wa nchi hii. Hapa kwetu neno "muungano" likiandikwa mtu halisomi, hulipita mbio mpaka akatue tarehe 26 Aprili 1964, siku Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, na akishatua huko kila anachokisoma baadaye kinakuwa fumbo. Mji wenye kisima ni nani? Mtungi ni nini? Popo ni wa chama gani? Ukitafuta kwa macho hayo utapata, kwa sababu anayetafuta fumbo katika hadithi hakosi. Lakini waliobuni miji hii ni watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na sita wanaoishi ukingoni mwa msitu, na walipoulizwa tuandike juu ya nini walijibu: msitu.

Afisi yako imependekeza "Muungano wa Miji Huru" ubadilishwe uwe "Wilaya Tisa za Msitu". Tulijaribu, kwa nia njema kabisa. Tulisoma sura ya pili kwa sauti tukiweka "wilaya" kila palipokuwa na "mji", na kufikia ukurasa wa tatu hadithi ilikuwa imekwisha, kwa sababu Wilaya ya Mtondooni ilipokata miti, Mkuu wa Mkoa aliandika barua na ukataji ukasita. Hakukuwa na haja ya wazee kukutana, wala ya popo kuruka usiku na barua, wala ya mtungi. Miji hii ikiondolewa uhuru wake hakuna linalobaki la kuhadithia, kwani utamu wote uko hapo, kwamba hakuna wa kuwaamrisha na bado wanalazimika kupatana. Tulijaribu pia "shehia", eneo dogo kabisa la utawala hapa kwetu, tukacheka mno, na nakuomba radhi kwa hilo.

Watoto hawakuyatoa haya hewani, nami nakiri kwamba sehemu nyengine nimewasomesha mwenyewe. Niliwaeleza juu ya jirani zetu wa pwani ya Kenya, Wamijikenda, ambao jina lao lenyewe maana yake ni miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Walikaa katika makaya, miji iliyozungushiwa boma na kufichwa katikati ya msitu, kila kaya na wazee wake, bila ya mfalme mmoja juu ya wote. Watu walipohama makaya misitu ilibaki, ikilindwa na miiko ya wazee, na mwaka 2008 UNESCO iliyaingiza makaya hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Niliwaeleza juu ya Mombasa, ambako mataifa kumi na mawili yalikuwa katika mafungu mawili, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, kila fungu na mkubwa wake aliyeitwa tamimu. Na kwa kuwa mmoja wao aliuliza kama Ulaya nako kumewahi kuwa na jambo kama hili, nikawatajia Uswisi, ambayo chanzo chake kinahesabiwa tangu mapatano ya 1291 baina ya Uri, Schwyz na Unterwalden, mabonde ya milimani ambayo kwa lugha ya huko yaliitwa Waldstätte, yaani makazi ya msituni. Luzern ikajiunga nayo mwaka 1332. Hakuna hata moja katika haya lililokuwa na Zanzibar akilini.

Hata hapa nyumbani mambo haya si mageni. Sheria yetu ya misitu, Nam. 10 ya 1996, imefungua njia kwa jamii kukabidhiwa usimamizi wa msitu wa eneo lao kwa makubaliano ya maandishi. Unguja, vijiji vinavyoizunguka Jozani, ambayo tangu 2004 ni hifadhi ya taifa, vina jumuiya yao ya pamoja, na kila kijiji kimebaki kijiji. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine popote duniani, aliwindwa na kukatiwa miti mpaka akakaribia kumalizika, na alipona kwa sehemu kubwa kwa sababu watu wa vijijini walianzisha klabu za kumlinda. Ukienda Kidike leo utawaona wamening'inia mchana kutwa juu ya miti kama nguo zilizoanikwa. Popo huyo anakula matunda na kudondosha mbegu anakopita, na mbegu haiulizi mpaka wa shehia uko wapi. Mtoto aliyefanya popo kuwa tarishi wa miji tisa aliongeza ukubwa tu. Kazi aliikuta inafanyika juu ya paa la nyumba yao.

Sasa kuhusu kima. Kima punju wa Ngezi waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, na kila mtoto wa upande wetu amesimuliwa habari hiyo na mkubwa fulani. Ndiyo sababu mji wa tisa ni wa wageni walioletwa bila kuulizwa, na ndiyo sababu miji minane ilichukua sura tatu kukubali kwamba nao wana haki ya kuleta kata yao. Kuhusu kura, kima hukaa kwenye tawi la juu la mti wa mkutano. Wanaokubali hushuka, wasiokubali hubaki juu. Katika ukurasa wa 44 wanashuka nusu, halafu wanapanda tena, na mkutano unaahirishwa.

Lipo moja ulilolisema kwa haki, na sitaki lipotee katika malalamiko yangu. Katika rasimu hiyo watu wa pwani, walio nje ya msitu, wote walikuwa waongo na wezi wa mbao, na ulituuliza watoto wa wavuvi wanaosoma pamoja nasi watajisikiaje. Sikuwa nimeliona. Nilipolifikisha barzani, mtoto mmoja ambaye baba yake ana dau akasema aliliona tangu mwanzo ila alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniuma mimi kuliko wino mwekundu wote. Sura ya saba imeandikwa upya. Mwizi wa mbao sasa ni mtu wa Mvuleni mwenyewe, fundi wa milango aliyemaliza miti yake, na hadithi imekuwa nzuri zaidi. Kwa hilo tunakushukuru kwa moyo mmoja, na nalisema kwa sababu linaonesha kwamba jicho lako likisoma hadithi yenyewe, bila kuwinda fumbo, hutufaa sana.

Tunachokiomba, basi, ni mambo matatu yanayotosha kwa nusu saa ya kazi. Turuhusiwe kusoma mswada wetu mbele ya wazazi ukiwa na maneno "muungano" na "huru" mahali yalipo. Ukurasa wa 31 ubaki ulivyo. Ikiwa bado una shaka, tuko tayari mswada usomwe ukiwepo wewe mwenyewe, umekaa mbele kabisa, na mwishoni uwaulize watoto swali lolote utakalo. Watakujibu, tena huenda wakakuuliza na wao.

La tatu ni ramani. Imechorwa kwenye karatasi nne za manila zilizogandishwa kwa uji wa muhogo, na hakuna nakala nyengine. Njia za popo zimetiwa rangi ya manjano kwa bizari, kwa hiyo tafadhali isiwekwe pahala penye mende. Nitakuja kuifuata Jumatano asubuhi kwa gari ya kwanza, inshallah, pamoja na wanafunzi wawili, mmoja wao akiwa ndiye aliyeichora. Ameniomba nikuulize mapema kama mstari mwekundu umefika mpaka kwenye mto, ili aje na bizari ya kutosha.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili na msimamizi wa kikundi cha hadithi,
Kaskazini Pemba