Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chama cha Kufa na Kuzikana, Moshi

Ndugu wanachama, salaam.

Hesabu za michango atawasomea mweka hazina. Turubai zilizochakaa tutaziongelea kwenye mengineyo. Mimi nazungumzia kile ambacho daftari letu la misiba limeficha. Kwenye safu ya sababu ya kifo kumeandikwa "homa ya ghafla" hata pale ambapo sote tuliokuwepo tunajua haikuwa homa, bali mtu alijiua. Mwandiko mmojawapo ni wangu.

Barazani tunasema kujiua ni ugonjwa wa vijana: mapenzi, kamari, ada. Ni kweli nusu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na mwaka 2021 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo kwa wenye miaka 15 hadi 29. Lakini ukilinganisha vifo na idadi ya watu wa kila rika, katika nchi nyingi wanaoongoza ni wazee waliovuka 70, hasa wanaume. Vijana ni wengi, ndiyo maana misiba yao inasikika zaidi.

Sababu haiwi moja. Kijana analipa mkopo wa simu kwa mkopo mwingine, huku sonona na pombe vikimmaliza. Mzee kafiwa na mkewe, watoto wako Dar, magoti hayampandishi tena kihambani, shambani kwake, anajiona mzigo. Mzee wa namna hiyo tulimpelekea mchele na sukari, tukakaa naye hadi arobaini, kisha hatukurudi. Kiti cha mkewe kilibaki palepale mlangoni.

Sheria nayo inachangia ukimya. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia inakimbilia "homa". Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha aina hiyo Januari 2025.

Kamati inaomba mambo mawili. Dawa za kupulizia kahawa na nyanya zikae stoo yenye kufuli, ufunguo kwa mtu mwingine. Sri Lanka ilipopiga marufuku zile kali, vifo hivi vilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Pia sehemu ya mfuko igharimie nauli ya kuwatembelea wafiwa baada ya arobaini, na kumsindikiza hospitali anayesema amechoka kuishi. Akisema hivyo, msimwambie asali tu. Kaeni naye.

Katibu ameandika majina ya wajane na wagane wetu. Wa zamu ya kwanza wajiandikishe kabla ya chai.