Waholanzi wana hela ila huzioni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, maana kila nikipiga simu nyumbani Dar naulizwa yaleyale, Ulaya kukoje, ushanunua gari, na kuna vijana wanaojiandaa kuja kusoma nao meseji haziishi. Mimi niko Delft, Uholanzi, nasomea mambo ya maji pale chuo cha IHE, bado mgenimgeni, lakini kuna kitu kimoja kinanishangaza toka nifike: hawa Waholanzi hela wanazo, tena nyingi, ila huzioni.

Tuanze na hilo gari. Magari yapo, sikatai, ila asubuhi ukitoka nje unakuta bosi, fundi bomba, mwanafunzi, mama kapakia watoto wawili kwenye boksi la mbele, wote wako kwenye baiskeli, na baiskeli zenyewe zimechoka, rangi imebabuka, mnyororo unalia, nyingine breki mpaka ukanyage pedeli kinyumenyume. Watu wako kama milioni 18, baiskeli zimepita milioni 23. Chini ya stesheni ya treni ya Utrecht kuna maegesho ya ghorofa tatu yanayoingiza baiskeli 12,500, sio magari jamani, baiskeli. Mark Rutte aliyekuwa waziri mkuu wao toka 2010 mpaka 2024 alikuwa anajiendea kazini na baiskeli yake, na mwaka 2018 kuna video ilizunguka sana, kamwaga kahawa kwenye lango la kuingilia wizarani akachukua mopu akapiga deki mwenyewe, wafanya usafi wamesimama pembeni wanamshangilia. Nyie mnaosimamishwa juani kusubiri msafara wa mkubwa upite mtanielewa kwa nini niliirudia ile video.

Chakula sasa, hapo ndo pana kazi. Mchana wanakula mkate. Mkate na chizi basi, au mkate umepakwa siagi ukamwagiwa chembechembe za chokoleti, na anayekula ni mtu mzima, profesa, kaufunga kwake asubuhi kautia kwenye begi anautafuna huku anakuelekeza kazi yako ilipo mbovu (na atakwambia mbovu hivyohivyo, hazunguki, halafu dakika tano baadaye mnacheka naye kama hamna kitu). Chakula cha moto ni jioni, saa kumi na mbili. Ukipita kwa mtu mida hiyo bila miadi usitegemee kuambiwa kaa tule, viazi vimehesabiwa. Hata rafiki ukimwambia tuonane anafungua kalenda kwenye simu, anakwambia Jumanne ya wiki ya tatu kuanzia sasa, saa nane mpaka saa tisa na nusu. Mkienda kunywa kahawa, mkirudi tu simu inalia, kakutumia ombi la kulipa fungu lako, yuro tatu na senti arobaini, na hana kinyongo wala haoni aibu, na wewe ukimdai senti zako anakulipa palepale. Hilo la kudaiana nimelikubali, linapunguza lawama. Ila la mgeni kukosa karibu kwa kweli sitaki hata kulizoea, tulipolelewa sisi sahani ya mgeni haikosekani hata kama kilichopo ni ugali na dagaa.

Birthday nayo wanaikaa kwenye duara, viti vimezunguka sebule, ukiingia unampongeza mwenye siku yake, halafu unampongeza mama yake, mume wake, shangazi yake, unazunguka duara zima unapeana mikono. Unapewa kipande cha keki na kahawa. Kalenda ya hizo birthday za ndugu na marafiki wanaitundika chooni, ukutani, ukikaa tu unaiona, nilidhani ni nyumba moja kumbe ni kawaida yao.

Sasa utauliza hela zao wanapeleka wapi. Mimi naona nyingine wanazimwaga kwenye vitu ambavyo hamna mtu atakuja kuvipiga picha. Karibu robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja kingo kule kusini magharibi, wakafa watu 1,836, na baada ya hapo wakajenga kuta na milango ya kuzuia bahari kwa miaka na miaka. Leo kuna mamlaka 21 za maji, wananchi wanapiga kura kabisa kuchagua wajumbe wake kila baada ya miaka minne, na kodi yake kaya zinalipa, ndo inayosafisha mitaro, inatunza kingo, inaendesha pampu. Mvua inapiga huku siku nzima, unatoka unakuta barabara inapitika. Mimi wa Dar nikiona hivyo najikuta nawaza Jangwani, ile barabara inavyofungwa Mto Msimbazi ukifurika na mabasi yanavyokwama, na sidhani kama tunakosa wataalamu, tunao, wengine nimekaa nao darasa moja. Mitaro tu ndo haikatiwi utepe.

Kwa mnaokuja: acheni mwavuli nyumbani, upepo wa huku unaupindua dakika hiyohiyo, nunua koti la mvua na suruali yake. Na taa za baiskeli zisikosekane, ukikamatwa usiku huna taa ni faini, simu mkononi huku unaendesha nayo faini toka 2019. La muhimu zaidi ni chumba, anza kukitafuta kabla hujakata tiketi, maana vyumba vya wanafunzi huku ni shida kweli.

Mwanafunzi,
Delft, Uholanzi