Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uingereza: bahari inakula ardhi ya Mama Hild

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu magofu ya abasia, yaani makao ya watawa, ya Whitby, kule Yorkshire, juu ya jabali linalotazama Bahari ya Kaskazini. Naandika kwanza kwa Kiswahili. Nakala ya Kiingereza nitakuletea kwa posta. Sababu ya kuanza na Kiswahili imo humu ndani.

Mimi ni mzaliwa wa Ndanda, kusini mwa Tanzania. Wamisionari Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki wafuatao kanuni ya Mtakatifu Benedikto, walifika kwetu mwaka 1906, wakajenga kanisa, hospitali na kiwanda cha uchapaji, na sisi watoto tulikua tukijua saa kwa kengele yao. Siku ya kwanza nilipopanda ngazi 199 za Whitby, nikazipita kaburi za kanisa la Mtakatifu Maria na kuingia katika abasia isiyo na paa, nilijisikia kama mtu aliyefika kwa jamaa akakuta wenyewe wamehama. Nilijua kwaya ilikaa wapi, na altare ilikuwa upande gani, na nilisimama pale muda mrefu.

Matao yanayopigwa picha na kila mgeni yalianza kujengwa karne ya 13. Katika historia ya jabali lile, hayo ni ya juzi. Mwaka 655 Mfalme Oswiu wa Northumbria, ufalme wa kaskazini mwa Uingereza ya kale, aliweka nadhiri kwamba akishinda vita atamtoa binti yake mchanga kwa Mungu, pamoja na ardhi ya kujengea monasteri. Alishinda. Mwaka 657 Hild, mwanamke wa ukoo wa kifalme, akaanzisha monasteri mahali palipoitwa wakati ule Streanæshalch, ndiyo Whitby ya leo. Waliishi humo wanawake na wanaume, wote chini ya mamlaka yake. Bede, mtawa aliyemaliza kuandika historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anasema hapakuwa na tajiri wala maskini mle ndani, maana vitu vyote vilikuwa vya wote. Wanafunzi watano wa nyumba ile walikuja kuwa maaskofu. Wafalme walimwendea Hild kuomba shauri, na wote waliomfahamu, asema Bede, walimwita mama. Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Mwanamke akiitwa mama na watu asiowazaa, kuna kazi ameifanya.

Mwaka 664 nyumba yake ndiyo iliyopokea mkutano wa kuamua tarehe ya Pasaka. Wasomaji wangu wa Kiswahili wataelewa haraka ugomvi ule ulivyouma, kwa kuwa wanajua nyumba moja kupika pilau la Idd huku jirani bado amefunga, akisema mwezi haujaonekana. Pasaka nayo huhesabiwa kwa mwezi. Ilitokea mfalme akawa anakula sikukuu ilhali mkewe, Malkia Eanflæd, aliyelelewa katika desturi nyingine, yuko kwenye Jumapili ya Matawi na mfungo wake haujaisha. Nyumba moja, kalenda mbili! Askofu Colmán alitetea desturi ya Waairishi, kasisi Wilfrid akatetea ya Roma, na Oswiu akachagua Roma kwa hoja kwamba Petro ndiye mshika funguo za mbinguni. Hild alikuwa upande ulioshindwa. Aliupokea uamuzi, na akaendelea kuiongoza nyumba yake mpaka alipofariki tarehe 17 Novemba 680, baada ya kuugua miaka sita.

Lakini ninayemfikiria zaidi nikiwa Whitby ni mchunga ng'ombe. Aliitwa Cædmon. Kwenye karamu, kinubi kilipokuwa kikipokezanwa ili kila mtu aimbe, yeye aliinuka na kuondoka kabla hakijamfikia, kama mtu anayetoka barazani akiona zamu ya shairi inamkaribia. Usiku mmoja alilala zizini, na katika ndoto akaamriwa aimbe habari za kuumbwa kwa vitu vyote. Aliimba. Asubuhi msimamizi wake akampeleka kwa Hild, naye Hild akawaita wasomi wamsikilize, kisha akampokea awe mtawa. Utenzi ule wa mistari tisa umetufikia. Unamsifu Muumba aliyewawekea wana wa watu mbingu iwe paa lao. Cædmon ndiye mshairi wa kwanza wa Kiingereza ambaye jina lake linajulikana, na aliimba kwa lugha ya zizini kwake, wakati elimu yote ya monasteri ilikuwa katika Kilatini. Hild angeweza kumrudisha kwa ng'ombe wake. Ndiyo maana sikuona haya kukuandikia kwa lugha yangu.

Monasteri ile iliachwa karne ya 9, wakati wa mashambulizi ya Waviking. Yapata 1078 Reinfrid, askari wa zamani wa Mfalme William Mshindi aliyekuwa amegeuka mtawa, alirudi kuishi kwenye magofu, na hapo ndipo Whitby ikawa ya Wabenediktini hasa. Desemba 1539 watawa waliikabidhi kwa watu wa Mfalme Henry VIII, aliyekuwa akizifunga monasteri za nchi. Mnara wa katikati ulianguka 1830, na tarehe 16 Desemba 1914 meli za kivita za Ujerumani zikaupiga mizinga uso wa magharibi.

Sasa ombi langu. Mawe yaliyosimama yana mlinzi: serikali iliyachukua chini ya uangalizi wake mwaka 1920, na leo yanaendeshwa na shirika la English Heritage. Nyumba ya Hild haina jiwe lililosimama. Iko chini ya majani, imetawanyika juu ya jabali, na jabali linaliwa na bahari. Majira ya baridi ya 2012 kuelekea 2013 ardhi iliporomoka chini ya kanisa la Mtakatifu Maria na mifupa ya wafu ikajitokeza kwenye mteremko. Wachimbaji wa miaka ya 1920 walifukua mabaki mengi ya wakati wa Hild, ila waliandika kidogo mno kuhusu mahali hasa kila kitu kilipokutwa. Wale waliokuja kuanzia miaka ya 1990 walifanya kazi kwa uangalifu mkubwa, tena wakisukumwa na hofu hiyohiyo ya mmomonyoko.

Bahari haizuiliki milele, nalijua hilo, na siombi ukuta wa kuuzunguka mwamba wote. Naomba fungu la kudumu katika bajeti, lisilongoja maporomoko mengine, ili ukanda wote wa ukingoni uchimbwe, upimwe na uandikwe kabla haujakwenda. Kila mita inayoanguka bila kusomwa inaondoka na sakafu, majivu ya jiko, pengine kalamu ya aliyefundishwa na Hild. Ukuta ulioanguka unaweza kuchorwa upya kwa kutazama picha. Udongo huo hauna picha.

Naomba pia wizara yako iyatangaze matokeo kwa lugha ambayo mtoto wa shule ya Whitby ataisoma mwenyewe, na ramani iwekwe pale juu ikionyesha nyumba za Hild zilipokuwa, ili mgeni asiondoke akidhani kila kitu kilianza na yale matao. Mimi nilidhani hivyo katika ziara yangu ya kwanza, kwa kuwa macho huenda kwenye kirefu. Nilikuwa nimesimama juu ya nyumba ya Hild na sikujua.

Nitapanda tena zile ngazi tarehe 17 Novemba, siku ya kumbukumbu yake. Nikiwa na jibu lako mkononi, nitalisoma palepale, upande wa baharini.

Wako kwa heshima,

Mzaliwa wa Ndanda, mkazi wa Yorkshire