Mwanangu, shetani hakumpitia

Mwanga, Kigoma

Mwanangu,

Barua yako imefika. Nimefurahi kusikia malaria imekwisha na umerudi darasani. Sisi huku hatujambo, ila bibi yako bado analalamikia magoti.

Umeniuliza habari za binamu yako. Ni kweli, alikamatwa Kibirizi na betri mbili za taa za kuvulia dagaa. Faili lake ofisini nimemwachia mwenzangu, maana siwezi kuwa afisa ustawi na shangazi wa mtoto yuleyule. Mimi nilikwenda kumwona kama shangazi tu.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mjomba wako anasema shetani alimpitia. Bibi anasema ni damu ya upande wa mama yake, na hajui kwamba ana mwenzake Italia: daktari Cesare Lombroso, aliyeandika mwaka 1876 kuwa wapo wahalifu wanaozaliwa hivyo, unawatambua kwa fuvu na taya. Na wewe unasema angefungwa miaka mingi, wenzake wangeshika adabu.

Nilimwuliza mwenyewe, akanieleza bila kupepesa macho. Yeye na wenzake walingoja mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti dagaa na wavuvi hawaingii ziwani. Mitumbwi imelala mwaloni, taa na betri zimo kibandani, wenyewe wamekwenda kwao. Mlinzi ni mzee mmoja, na baada ya swala ya isha hukaa kwa mama ntilie mpaka chai imwishie. Fundi redio wa kununua alishapatikana. Tena siku hizo hakuna dagaa wa kuanika, kwa hiyo hata vile vielfu mbili vya kibarua havipo. Sasa hapo shetani anaingilia wapi? Mtoto wa miaka 15 kapanga vizuri kuliko kamati yetu ya harusi.

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika kwamba wizi hutokea pale wanapokutana mtu aliye tayari kuiba, kitu kinachoibika, na pengo la mtu wa kukilinda. Mbalamwezi ya Kibirizi inavikutanisha vyote hivyo kila mwezi.

Kuhusu kifungo, kwanza Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Lakini hata ingeruhusu, hesabu haiendi hivyo. Mtaliano mwingine, Cesare Beccaria, aliandika mwaka 1764 kuwa kinachomzuia mtu ni uhakika wa kuadhibiwa, na adhabu kuja upesi, kuliko ukali wake. Binamu yako anajua fika kwamba mwizi akishikwa na watu wenye hasira anaweza hata kuuawa. Unataka adhabu gani kali zaidi ya hiyo? Ila aliwaona wenzake wakichukua mara kadhaa na hakuna aliyeulizwa, basi kile kipigo akakihesabu sifuri.

Sisemi kila kosa lina hesabu. Wanaoletwa kwetu kwa kuchomana visu uwanjani hawajapiga hesabu yoyote. Na hata huyu, nilipomwuliza kama angekwenda peke yake, alicheka: "Peke yangu nikafanye nini, shangazi?" Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa umri wenu walijihatarisha zaidi sana wenzao walipokuwapo; watu wazima karibu hawakubadilika. Kwenu ninyi, sifa za wenzio ni sehemu ya faida, tena huenda zilimzidi uzito yule fundi redio na pesa zake.

Mjomba wako ameshakubaliana na wenye mitumbwi: betri zitalipwa kidogo kidogo, na siku za mbalamwezi vyombo vyote vitafungiwa stoo moja yenye walinzi wawili. Hilo la stoo naliamini kuliko viboko alivyokwisha kuchapwa.

Mwandikie. Usimhubirie, mahubiri kashiba. Mwulize anajiandaaje na mtihani wa kidato cha pili, na umtumie yale madaftari yako ya hisabati kama bado unayo. Nauli ya treni nitakutumia wiki ya kufunga shule.

Mama yako