Betri za unyevu wa hewa: tuandikiwe na vipimo vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie habari iliyonifurahisha na kunitia wasiwasi kwa wakati mmoja, nayo ni ya betri zinazosemekana kujichaji zenyewe kwa unyevu wa hewa. Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari hapa Tanga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na tangu habari hizo zianze kusambaa, wanafunzi wangu wa zamani hawaishi kuniuliza kama ni kweli. Mimi huwajibu kwamba ni kweli, lakini neno "kujichaji" linaficha mambo ambayo msomaji anastahili kuyajua kabla hajaanza kuitegemea taa isiyohitaji jua wala nguzo ya umeme.

Mwezi Februari 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichoko Amherst, Marekani, wakiwemo Jun Yao na Derek Lovley, walitangaza katika jarida la Nature kwamba utando mwembamba wa nyuzi za protini zitokanazo na bakteria aitwaye Geobacter ulitoa umeme mfululizo kwa kuachwa tu katika hewa ya kawaida. Mwaka 2023 kundi la Yao likaonyesha kwamba protini hiyo si sharti, kwa kuwa karibu kitu chochote kinafaa, mradi kiwe na vitundu visivyozidi nanomita 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mvuke ukipenya katika vitundu vidogo kiasi hicho hugongagonga kuta zake, hivyo upande wa juu ulio wazi hupokea mvuke mwingi kuliko upande wa chini uliofunikwa, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa tofauti ya chaji, kama inavyokuwa ndani ya wingu kabla ya radi kupiga.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza. Kinachozaa umeme ni tofauti ya unyevu kati ya upande mmoja na mwingine, wala si wingi wa unyevu peke yake. Pande zote mbili zikilowa sawasawa, umeme hukoma. Kwa hiyo sisi wa pwani, ambao wakati wa masika nguo hukataa kukauka na chumvi hutota ndani ya kikopo, tusidhani kwamba hewa yetu nzito inatupa ushindi wa bure. Chumvi hiyohiyo inayotuudhi jikoni ndiyo waliyoitumia watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore mwaka 2022: walichukua kitambaa chenye unene wa milimita 0.3, wakakipaka wino wa kaboni, kisha upande mmoja wakautia jeli maalumu yenye chumvi ya bahari, ili uvute maji hewani ilhali upande wa pili unabaki mkavu. Kipande kidogo cha kitambaa hicho kilitoa hadi volti 0.7 kwa zaidi ya saa 150. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya kusifiwa sana, ingawa saa 150 ni siku sita na ushei tu.

Sasa tupige hesabu ambayo magazeti mengi huiruka. Utando wa mwaka 2020 ulitoa takriban volti 0.5 na mkondo wa takriban mikroampea 17 kwa kila sentimita ya mraba. Ukizidisha, hupati zaidi ya mikrowati 8.5 kwa kila sentimita ya mraba, na mikrowati moja ni sehemu moja ya milioni ya wati. Mita nzima ya mraba haifikishi hata sehemu moja ya kumi ya wati, na ukiunganisha kifaa chenye kula umeme, volti hizo nazo hushuka. Chaja ya kawaida ya simu, ya wati 5, ingehitaji utando wa mita za mraba zipatazo 60, eneo la sakafu ya nyumba ndogo. Watafiti wanatarajia kupanga tando hizo tabaka juu ya tabaka ili kuokoa nafasi, na huenda wakafaulu. Kwa leo, vitu vinavyofaa kutumia umeme huo ni saa ya mkononi au kipimo kidogo cha joto na unyevu ghalani, mahali ambapo kubadilisha betri kila mara ni adha.

Nasema haya kwa uchungu, Ndugu Mhariri. Niliwahi kununua taa ya sola kwa maneno matamu ya muuzaji, na betri yake ikafa kabla ya mwaka kwisha, ilhali kioo chake cha jua kikiwa bado kizima. Kwenye boksi lake hapakuwa na tarakimu hata moja ambayo ningeweza kumwonyesha muuzaji. Bidhaa za unyevu zitakapofika sokoni, nami sina shaka zitafika, maneno yatakuwa matamu zaidi.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, kila mnapoandika habari hizi, mtutajie volti, mkondo, ukubwa wa kifaa, kiwango cha unyevu kilichotumika na muda ambao kilidumu. Naviomba pia vyuo vyetu, hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambacho kiko katika hewa hiihii ya pwani, vijaribu vifaa hivi penye chumvi, vumbi na ukungu wa kwetu, kuanzia masika hadi kaskazi, maana maabara safi ya Amherst haina hata kimoja kati ya hivyo. Wakikosa mahali pa kukitundika kifaa chao, baraza yangu inatazama bahari, na niko tayari kusoma mita asubuhi na jioni na kuandika daftarini.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Tanga