Ufanisi wa Seli za Jua Utajwe Pamoja na Udumivu Wake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya gazeti lako kuhusu seli mpya za jua za perovskaiti (kundi la nyenzo za fuwele zinazofyonza mwanga vizuri), na ninakushukuru kwa kuipa sayansi ukurasa mzima, jambo ambalo hapa kwetu si la kila wiki. Makala hiyo ilisifu jinsi ufanisi wa seli hizo, yaani sehemu ya nishati ya mwanga inayogeuzwa umeme, ulivyopanda kutoka asilimia 3.8 mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake wa Japani walipozitangaza, hadi kupita asilimia 25 katika maabara. Haikusema ni kiasi gani cha ufanisi huo hubaki seli ikishakaa juani miezi kadhaa, ilhali kwa mnunuzi wa Dodoma hilo ndilo swali la kwanza.

Swali hilo si geni. Mwaka 1976, katika maabara za kampuni ya RCA huko Princeton, Marekani, Christopher Wronski, mwanafizikia mzaliwa wa Poland, na mwenzake David Carlson walichapisha habari za seli ya jua iliyotengenezwa kwa silikoni ambayo atomi zake hazikujipanga kifuwele. Ufanisi wake ulikuwa asilimia 2.4 tu, lakini nyenzo yenyewe hufyonza mwanga vizuri kiasi kwamba utando usiofika mikrometa moja (sehemu ya elfu ya milimita) hutosha, wakati seli ya kawaida ya fuwele huwa na unene wa zaidi ya mikrometa mia moja. Utando huo hupatikana kwa kuvunja kwa umeme gesi ya saileni, yenye silikoni na haidrojeni, silikoni ikajitanda juu ya kioo pamoja na haidrojeni inayoziba viungo vya atomi vilivyobaki wazi. Utando wa jinsi hiyohiyo ndio uliotumika baadaye kutengeneza transista (swichi ndogo za umeme) za skrini bapa za kompyuta na televisheni.

Mwaka uliofuata, Wronski akiwa na David Staebler aligundua kwamba utando huo ukimulikwa kwa saa chache, uwezo wake wa kupitisha umeme hushuka sana, na kwamba ukipashwa joto la zaidi ya nyuzi 150 za selsiasi hurudia hali yake ya awali. Walichapisha matokeo hayo bila kuficha kitu, ingawa yalitia doa nyenzo ileile iliyokuwa imeanza kumjengea Wronski jina. Kwa maoni yangu, taarifa hiyo ya pili ina thamani kuliko ya kwanza. Kasoro hiyo ya kushuka kwa uwezo baada ya kumulikwa inaitwa kwa majina ya Staebler na Wronski hadi leo, na Wronski, aliyefariki mwaka 2017, aliendelea kuichunguza kwa miongo mingi, hata alipohamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania State. Kutokana na ujuzi huo, watengenezaji walipunguza unene wa tabaka, wakapandanisha seli mbili au tatu moja juu ya nyingine, na walio waaminifu wakaandika kwenye lebo wati zinazobaki baada ya paneli kutulia, yaani ikishaacha kupungua.

Paneli ndogo za aina hiyo ziliuzwa kwa wingi kwa jirani zetu wa Kenya miaka ya 1990. Paneli hizo hutoa umeme mwingi mwanzoni, kisha hupungua kwa asilimia 10 hadi 30 katika miezi ya kwanza kabla ya kutulia. Mnunuzi asiyeelezwa hayo humlaumu fundi, au betri.

Joto nalo lina hesabu yake. Wati za kwenye lebo hupimwa seli ikiwa na nyuzi 25, lakini mwezi wa Oktoba paneli iliyofungwa juu ya bati hapa Dodoma yaweza kufika nyuzi 60. Silikoni ya fuwele hupoteza takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi, hivyo paneli ya wati 100 hubaki na wati 86 hivi, hata kabla ya kuhesabu vumbi. Perovskaiti huathiriwa na joto na unyevu pia, nasi tuna kiangazi kirefu kisha mvua za Desemba hadi Aprili.

Kwa hiyo ninaomba waandishi wako, kila wanapotaja ufanisi wa seli yoyote ya jua, wataje pia ulipimwa kwa joto gani, baada ya saa ngapi za mwanga, na kama seli yenyewe imewahi kukaa nje ya maabara. Mtafiti asipokuwa na majibu ya maswali hayo, hilo nalo liandikwe.

Mwalimu wa fizikia,
Kongwa, Dodoma